Ua la Mahame katika Nchi ya Usukuma

Msafiri atokaye Tabora kuelekea Mwanza, akiisha kuiacha nyuma nchi ya miombo na kuingia katika nchi wazi ya Shinyanga, naye akawa anasafiri wakati mvua zinapokaribia kukatika, yapata mwezi wa Aprili au Mei, hakosi kuuona kandokando ya njia, na kwenye kingo za mbuga zilizoshiba maji, na hasa mahali palipokuwa na boma la ng'ombe kisha pakahamwa, mmea mrefu uliosimama wima, wenye shina la pembe nne, ambalo juu yake yamepangwa, moja juu ya jingine, matufe ya miiba yaliyozungukwa na maua ya rangi ya chungwa. Wataalamu wa mimea huuita Leonotis nepetifolia. Mimi katika makala haya nitauita ua la mahame, kwa kuwa mahali palipohamwa ndipo unapostawi kwa furaha kuliko penginepo pote. Hauuzwi sokoni, wala haukupata kuimbiwa sifa kama waridi au asumini; lakini mtu akitaka kujua yaliyoipata nchi hii katika muda wa miaka mia na zaidi, kuhama kwa watu na kurudi kwao, kufa kwa mifugo na kuongezeka kwake, kukatwa kwa miti na kuoteshwa kwake, basi na aufuate mmea huu na ndege wake, nao watamwonyesha mengi.

Kwanza na tulitazame ua lenyewe. Kila tufe limeketi kwenye kifundo cha shina, limezingirwa na ncha kali zinazochoma kidole, na maua hayachomozi yote kwa siku moja, bali hutoka machache machache, leo haya na kesho mengine, hata mmea mmoja ukaweza kuchanua kwa majuma kadhaa. Ua moja moja ni mrija mwembamba uliopinda kidogo, na mdomo wake wa juu umefunikwa na manyoya laini kama mahameli. Chini kabisa ya mrija huo ndiko iliko asali yake, mbali na nyuki wengi wasioweza kuifikia kwa njia ya halali. Mwenye subira na asimame karibu saa moja ya asubuhi, jua likiwa bado pole, naye atamwona chozi wa kidari chekundu akija kwa kelele zake ndogo: dume jeusi lenye utosi wa kijani unaometa na kifua cha rangi ya damu. Hatui juu ya ua, bali huliparamia tufe, akashika miiba kwa kucha zake kana kwamba haimdhuru, akauingiza mdomo wake uliopinda ndani ya mrija uliopinda. Na wakati anapovuta ulimi, chavua iliyofichwa chini ya mdomo wa juu wa ua humpaka kwenye paji la uso. Akiruka kwenda mmea wa pili ameichukua amana hiyo pasipo kujua, na kwa njia hiyo mbegu hupatikana.

Ndege wa jamaa ya chozi ni wengi katika nchi hizi, na karibu na ziwa, katika mafunjo na bustani za Geita, yuko mwingine mwenye ukanda mwekundu kifuani ambaye makao yake ni pande za Ziwa Viktoria na nchi zilizo jirani nalo. Wasomaji waliopata kuona picha za ndege wavumaji wa Amerika, wale wadogo wanaosimama hewani mbele ya ua huku mabawa yao yakienda mbio hata yasionekane, hudhani kuwa hao na chozi ni ndugu. Sivyo. Ndege wavumaji hawako ila katika mabara ya Amerika, nao si wa ukoo mmoja na chozi. Kinachowafanya wafanane ni kazi moja waliyopewa na maumbile, ya kunywa asali katika maua yenye mrija. Kule Amerika ya Kaskazini, kando ya vijito na katika ardhi ya majimaji, iko lobelia nyekundu sana ambayo mvumaji huiandama. Na ndugu za lobelia hiyo ni wale warefu kupita mtu wasimamao katika nyika zenye unyevu za Kilimanjaro, ambao chozi wa huko huwategemea kwa chakula. Hivyo mabara mawili yaliyotengwa na bahari yamefikia mapatano ya namna moja baina ya ua na ndege.

Ama huu mmea wetu, wenyewe ulivuka bahari. Linnaeus wa Uswidi aliuandika katika daftari lake la mimea yote mwaka 1753, na Robert Brown wa Uingereza akauweka katika kundi lake la sasa mwaka 1811. Asili yake ni Afrika ya joto, pamoja na sehemu ya Bara Hindi, lakini leo umeenea katika visiwa vya Karibi, Brazili na nchi nyingine za joto, hata mahali pengi umehesabiwa kuwa gugu. Katika kisiwa cha Trinidad majani yake huchemshwa yakanywewa kwa ajili ya homa na kikohozi, kama ambavyo waganga wa Afrika wameyatumia kwa homa tangu zamani; na huko ng'ambo, ambako hakuna chozi hata mmoja, ndege wavumaji wameupokea na kunywa katika mirija yake.

Ujuzi mkubwa uliopata kutokana na ua hili haukutoka mbali. Karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya, wataalamu wawili wa Kimarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walikaa wakiwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu waliokuwa wakiyalinda mashamba ya mmea huuhuu, na mwaka 1975 wakaitangaza hesabu yao. Waliona kwamba milki ya ndege mmoja na milki ya mwenziwe hutofautiana mno kwa ukubwa wa ardhi, bali kwa idadi ya maua zinakaribiana, yapata maua 1,600, yaani kiasi kinachotosha kumlisha ndege mmoja kwa siku. Ndege hakuwa akilinda ardhi kwa tamaa ya ardhi; alikuwa akilinda riziki ya siku moja, na maua yakiwa mengi kupita kiasi au machache kupita kiasi, hakujisumbua kugombana. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwa maana Wasukuma nao walikuwa na hekima ya jinsi hii juu ya malisho, kabla mtaalamu yeyote hajaja kupima.

Kwa kuwa mmea hufuata udongo, ni lazima tuseme kidogo juu ya udongo. Mkulima wa Kisukuma hasemi ardhi kwa jumla, bali huigawa kwa majina yake: juu mlimani penye mawe ni luguru, chini yake ni luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga, kisha itogolo, mgumu unaoshika maji juu yake, na chini kabisa bondeni ni mbuga, udongo mweusi mzito, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na masika huvimba na kuwa tope linalomkwamisha punda. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani katika Usambara, alipotangaza mwaka 1935 ile kanuni yake ya kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpango kutoka kileleni hadi bondeni kama pete za mnyororo, aliwapa wanachuoni wa dunia nzima jambo jipya. Lakini mkulima wa Usukuma alikuwa akilifanyia kazi jambo hilohilo kila msimu, na kila pete ya mnyororo huo alikuwa nayo kwa jina. Ua la mahame hustawi kwenye ukingo wa mbuga, mahali udongo unaposhika maji bila ya kuyazamisha mizizi, na zaidi mahali samadi ilipolala miaka mingi.

Speke, mvumbuzi wa Kiingereza, alipita nchi hii mwezi wa Julai 1858, akitoka Kaze karibu na Tabora kwenda Mwanza, akaikuta nchi yenye ng'ombe wengi, mashamba na wafua chuma. Miaka 30 na kitu baadaye likashuka balaa. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwaka 1890 na 1891 iliua ng'ombe kwa wingi usiosemeka, ikafuatiwa na njaa na maradhi ya watu. Na mahali palipokuwa na mifugo iliyokula nyasi na kukanyaga vichaka, sasa vichaka vikarudi, na pamoja na vichaka wakaja wanyamapori, na pamoja na wanyamapori mbung'o, waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Vijiji vikahamwa kimoja kimoja. Maboma yasiyokuwa na wenyewe yakaota magugu juu ya samadi, na yule apendaye kustawi juu ya samadi ya zamani ndiye huyu tunayemsimulia. Hivyo ua lililopendeza macho lilikuwa pia alama ya msiba: lilipochanua kwa wingi, hapo palikuwa na watu, na watu hao hawapo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, serikali ilimtuma Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori, apambane na mbung'o, na Shinyanga ikawa mahali pa majaribio yake. Mwaka 1925 aliitangaza kazi yake ya kwanza huko. Njia yake ilikuwa hii: nyasi zilindwe zisichomwe mapema, ziachwe mpaka mwisho wa kiangazi zikauke kabisa, ndipo zichomwe zote kwa pamoja, ili moto wake mkali uteketeze vichaka wanamojificha mbung'o, na pale moto usipotosha, maelfu ya watu walioitwa na watemi wao waliingia na mashoka na mapanga. Shinyanga ya Kale ikawa makao ya uchunguzi wa mbung'o yenye sifa ulimwenguni, na pamoja na Swynnerton alikuwako Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, aliyezunguka nyika za nchi hii akikusanya majani, maua na matunda, ambayo mengi yake yangali yamehifadhiwa katika bustani ya mimea ya Kew nchini Uingereza. Mwezi wa Juni 1938 wote wawili walikufa pamoja katika ajali ya ndege. Burtt aliacha maandishi juu ya aina za uoto wa Afrika Mashariki yaliyochapishwa mwaka 1942, naye aliijua vizuri misitu ileile ambayo idara yake ilikuwa ikiikata.

Haifai kuwalaumu watu wale kijuujuu, maana malale na nagana ni maradhi ya kweli, na ng'ombe waliokufa walikuwa mali na mahari ya watu. Ila ni haki kusema kwamba ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Ardhi iliyofyekwa haikuachwa ipumzike. Pamba ilitakiwa, na pamba ikalimwa, ng'ombe waliongezeka, kuni za kupikia na miti ya kujengea maboma ikatoka katika vichaka vilivyosalia. Mpango mkubwa wa Usukuma uliofanywa kuanzia mwaka 1947, ambao makao yake yalikuwa Malya, ulijaribu kupunguza mifugo, kulazimisha matuta na kuhamishia watu nchi mpya, na wengi wakavuka kuelekea magharibi, katika nchi ya Wazinza, Geita, ambako misitu ilikuwa bado minene. Walipofika wakafyeka, wakalima, na yaliyotokea Shinyanga yakaanza kutokea huko.

Katika miaka hiyohiyo chini ya ardhi nako kulikuwa kukitafutwa utajiri. Dhahabu ilikwisha kuonekana Geita tangu mwaka 1898, zama za Wadachi, na mgodi wake ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, kisha ukafunguliwa upya mwaka 2000. Huko Mwadui, mwaka 1940, John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi. Na mwaka 1947 ikatoka humo almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo Williamson alimtunuku binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 wasonara wa Cartier wakaifanya kuwa moyo wa bruchi yenye umbo la ua la nagisi. Basi ua la Shinyanga lijulikanalo zaidi ulimwenguni ni ua la almasi, lililotengenezwa kwa mfano wa ua la Ulaya. Na yale yaliyo hai, yanayochanua juu ya udongo ambamo almasi hiyo ilitoka, wachache waliyatazama.

Baada ya Uhuru mambo yakazidi. Katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishiwa katika vijiji, wakayaacha nyuma maboma yao pamoja na malisho ambayo kila ukoo uliyalinda. Mwalimu Nyerere alipoizuru Shinyanga mwaka 1984, aliiona nchi imekuwa uchi, upepo unabeba vumbi, akaiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, kwa msaada wa Norwe. Mwanzoni mabwana miti walitoa miche ya miti ya kigeni, mingi ikafa. Na waliposhika adabu ya kuwauliza wenyeji, wakaambiwa habari za ngitili.

Ngitili ni desturi ya Kisukuma ya kutenga sehemu ya ardhi mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie humo, nyasi na miti ipate kukua, na kuifungua mwezi wa Julai au Agosti wakati malisho mengine yamekwisha, ili ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia wapate cha kula. Haizungushiwi ukuta wala seng'enge. Mpaka wake ni mti fulani, kichuguu fulani, njia ya maji. Na ulinzi wake ni ulimi wa wazee. Mwenye kuvunja miiko ya ngitili hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la kijiji kizima, akatozwa faini ya mbuzi au ng'ombe mbele ya majirani zake, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, huhakikisha kwamba hukumu imetimizwa. Ziko ngitili za aila moja, ziko za kijiji. Tofauti yake na ule mpango wa Swynnerton ni kubwa, ijapokuwa mianzo yao inafanana: wote wawili walizilinda nyasi mpaka kiangazi, lakini Swynnerton alizilinda apate kuzichoma, na mfugaji alizilinda apate kuishi.

Matokeo yake yana ithibati. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Ilipofika mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wachunguzi waliozipitia walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege, mahali ambapo hapo kabla palikuwa na vumbi. Wanawake walipunguziwa mwendo wa kutafuta kuni na maji. Mwaka 2002 kazi hii ilipewa tuzo ya kimataifa ya Equator kutoka Umoja wa Mataifa, na haikuwa tuzo ya mashine wala ya dawa, bali ya desturi ya watu iliyopewa nafasi yake.

Hapo ndipo ua la mahame linaporudi katika maneno yetu. Si mmea wa msitu mnene. Makao yake ni ukingoni, kwenye vichochoro vya ng'ombe na nje ya lango la zizi. Huchanua majuma machache, kisha hukauka na kubakiza matufe yake ya miiba. Chozi angalikufa njaa kama angalilitegemea peke yake. Lakini katika ngitili iliyotunzwa yako maua ya mishubiri, na maua ya ile mimea inayoota juu ya matawi ya migunga, tena wako buibui na wadudu wadogo wa kuwalisha makinda. Ukiondoa miti, ndege huondoka. Na ua la mahame likichanua mahali pasipo ndege, hukosa mhudumu wake mkuu. Hivyo uzuri huu mdogo umefungamanishwa na uamuzi wa wazee walioketi chini ya mti kusema kwamba mahali fulani pasiguswe mpaka wakati wake.

Leo jaribu limehamia magharibi. Katika machimbo ya Geita, kama vile Rwamagasa, maelfu ya wachimbaji wadogo hutafuta riziki kwa halali na kwa taabu. Maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, huhitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na matimba hukatwa msituni; mawe yakiisha kusagwa kwenye karasha hupelekwa mwaloni kuoshwa, na mwalo huwekwa kando ya maji, katika bonde lilelile lenye unyevu ambalo mimea hii ilikuwa ikilipenda, na zebaki ya kunasia dhahabu inayomwagika huko haiondoki upesi. Duara lisilotoa dhahabu huachwa wazi. Hayo nayo ni mahame, ila mahame ya aina mpya, yasiyo na samadi ya kumlisha mtu wala ua, na ambayo mvua za miaka mingi hazitayaponya bila ya mkono wa mwanadamu.

Wasukuma wenyewe wametufundisha kwamba nchi iliyochakaa hurudi hai ikiachwa ipumzike chini ya sheria inayokubaliwa na wote. Kwa hiyo nawasihi wazee wa Shinyanga wasikubali ngitili zao kugawanywa vipande kwa tamaa ya msimu mmoja. Nawasihi vijana wa machimboni wafukie maduara waliyoyamaliza, na wapande miti ya matimba badala ya kukata tu. Na nawasihi walimu wa shule za Geita na Kahama wawatoe watoto nje mwezi wa Mei, wawaonyeshe ua hili na ndege wake, wawaeleze yaliyoipata nchi yao. Halmashauri nazo zitenge mabonde ya maji yasiwekwe mialo, kama vile wazee walivyotenga malisho. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji watu wa kijiji kimoja kukaa pamoja, kukubaliana mpaka, na kuuheshimu.